Serikali ya Mseto ya Lumumba, Kongo 1960: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia siku ya uhuru, 30 Juni 1960, mpaka jioni ya 5 Septemba 1960, Rais Joseph Kasa-Vubu alipotangaza redioni kwamba amemwachisha kazi waziri mkuu, zilipita siku 67. Jina la Patrice Lumumba linajulikana kila mahali, lakini baraza lake la mawaziri halijulikani sana. Majibu yafuatayo yanalihusu baraza hilo: jinsi lilivyoundwa, nani alipewa nini, na ilikuwaje likavunjika ilhali Bunge halikuwahi kupitisha kura ya kutokuwa na imani nalo.

Tunazungumzia Kongo ipi?

Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, yenye mji mkuu Léopoldville (leo Kinshasa). Iliitwa Jamhuri ya Kongo. Kongo ya ng'ambo ya mto, koloni la Ufaransa lenye mji mkuu Brazzaville, ilipata uhuru 15 Agosti mwaka huohuo na kuchukua jina lilelile. Msomaji wa magazeti na nyaraka za 1960 aangalie kwanza jina la mji mkuu.

Lumumba alishinda uchaguzi. Kwa nini hakuunda serikali ya chama chake peke yake?

Hakuwa na viti vya kutosha. Uchaguzi wa Mei 1960 ulijaza viti 137 vya Baraza la Wawakilishi. Chama chake, MNC-Lumumba, kilipata 33, na ukijumlisha washirika wake wadogo, 41. Nusu ya 137 huvukwa kwa viti 69. Kwa hiyo hata mshindi wa kwanza alipungukiwa na viti 28.

Viti vilivyobaki vilitawanyika. PNP ilikuwa na 15, PSA 13, ABAKO 12, CEREA 10, MNC-Kalonji na CONAKAT (chama cha Katanga) 8 kila kimoja, Balubakat na PUNA 7 kila kimoja. Vingi vilikuwa vyama vya jimbo au vya kabila, vimeota katika miezi michache kabla ya uchaguzi. Mkutano wa Meza ya Duara wa Brussels, kati ya Ubelgiji na wanasiasa wa Kongo, ulimalizika 20 Februari 1960 na tarehe ya uhuru ikawekwa 30 Juni. Muda huo ni zaidi kidogo ya miezi minne: kutunga sheria, kupiga kampeni, kupiga kura na kuunda serikali katika nchi kubwa kuliko Ulaya Magharibi. Chama cha kitaifa hakijengwi kwa miezi minne.

Nani alimpa Lumumba kazi ya kuunda serikali? Si rais?

Hapana, na jambo hili ndilo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Kongo haikuwa bado na rais. Kazi hiyo ilitolewa na waziri wa Ubelgiji aliyekuwa Léopoldville, Walter Ganshof van der Meersch. Mlolongo ulikuwa huu:

13 Juni, Lumumba alipewa jukumu la kupima tu kama kuna uwezekano wa kupata wingi bungeni. Hakupewa bado jukumu la kuunda serikali. 17 Juni jukumu hilo likaondolewa, na Kasa-Vubu wa ABAKO akaombwa aunde serikali yeye. Hakufaulu. 21 Juni Baraza la Wawakilishi likamchagua spika, na mtu wa upande wa Lumumba, Joseph Kasongo, akamshinda Jean Bolikango wa PUNA kwa kura 74 dhidi ya 58. Hapo ikawa dhahiri nani mwenye wingi, na Lumumba akapewa kazi rasmi.

Siku mbili baadaye alikuwa na orodha mkononi.

Kura ya imani ilikwendaje?

Usiku wa 23 Juni katika Baraza la Wawakilishi: kura 74 za ndiyo, 1 ya hapana, 5 hazikuegemea upande wowote, na wajumbe 57 hawakuwapo. Seneti, yenye viti 84, ilipiga kura 24 Juni: 60 ndiyo, 12 hapana, 8 hazikuegemea upande.

Wengi huiona ile kura 1 ya hapana na kudhani ulikuwa ushindi mkubwa. Watazame safu ya waliokosekana. Kura 74 zinauvuka wingi kamili kwa kura 5 tu, na baraza la mawaziri lilikuwa limewapa vyeo watu wa zaidi ya vyama kumi. Baadhi ya wajumbe ambao vyama vyao vilikuwa na mawaziri kwenye orodha hawakuiunga mkono serikali siku yake ya kwanza. Mseto uliingia kazini ukiwa tayari unavuja.

Siku hiyohiyo ya 24 Juni, mabaraza mawili yaliketi pamoja na kumchagua Kasa-Vubu kuwa rais kwa kura 159, dhidi ya 43 za Bolikango. Lumumba alikuwa ameamua kumuunga mkono. Rais akarithi waziri mkuu ambaye hakumteua, na waziri mkuu akapata rais aliyeshindana naye siku saba kabla kuhusu nani aunde serikali.

Baraza lilikuwa na watu wangapi, na vyeo viligawanywaje?

Watu 37, wote wanaume: waziri mkuu na mawaziri wenye wizara, mawaziri wa nchi wanne, na makatibu wa dola, cheo kinachokaribiana na naibu waziri. Lumumba mwenyewe alishika pia Ulinzi wa Taifa. Vyeo vikubwa vilivyobaki vilikwenda hivi:

- Naibu Waziri Mkuu: Antoine Gizenga (PSA)
- Mambo ya Nje: Justin Bomboko (UNIMO)
- Mambo ya Ndani: Christophe Gbenye (MNC-Lumumba)
- Fedha: Pascal Nkayi (ABAKO)
- Sheria: Rémy Mwamba (Balubakat)
- Elimu na Sanaa: Pierre Mulele (PSA)
- Habari: Anicet Kashamura (CEREA)
- Biashara ya Nje: Marcel Bisukiro (CEREA)
- Uchumi: Joseph Yav (CONAKAT)
- Vijana na Michezo: Maurice Mpolo (MNC-Lumumba)
- Mawasiliano: Alphonse Songolo (MNC-Lumumba)
- Waziri mkazi nchini Ubelgiji: Albert Delvaux (PNP)
- Mjumbe katika Umoja wa Mataifa, mwenye cheo cha waziri: Thomas Kanza

Mwenye kusoma orodha hii aweke alama kwenye majina mawili, Bomboko na Delvaux. Yatarudi.

Ni orodha ya mtu aliyejitahidi kwa dhati kuijumuisha nchi nzima. Majimbo yote sita yamo. Chama cha rais kimepewa Fedha. Chama chenye kiti kimoja bungeni, UNIMO, kimepewa Mambo ya Nje kwa sababu Bomboko alikuwa miongoni mwa wachache sana waliosoma chuo kikuu. Ila waziri kutoka chama fulani si sawa na chama hicho kuwa ndani ya serikali. Kwa vyama kadhaa, aliyeingia barazani hakuwa kiongozi wa chama bali mtu aliyekubali kuingia, na kiongozi akabaki nje akiwa na hasira na wafuasi wake.

Nani hasa aliachwa nje?

Watatu walioweza kuleta madhara walikuwa Albert Kalonji, Jean Bolikango na Moïse Tshombe, kiongozi wa CONAKAT.

Kalonji alikuwa amejitenga na Lumumba na kuongoza tawi lake la MNC, lenye nguvu miongoni mwa Waluba wa Kasai. Tawi hilo halikupata waziri hata mmoja, wakati ambapo Waluba na Walulua walikuwa wakiuana Kasai. Mwanzoni mwa Agosti 1960 Kalonji akatangaza kujitenga kwa Kasai Kusini, eneo la almasi. Bolikango alishindwa kura mbili ndani ya siku nne na akatoka mikono mitupu.

Na Tshombe? CONAKAT si ilipewa wizara?

Ilipewa Uchumi, pamoja na katibu wa dola mmoja. Kwa viti 8 kati ya 137, hesabu hiyo haikuwa ya kupunja. Lakini CONAKAT haikujipima kwa viti. Ilijipima kwa shaba. Na iliona mahasimu wake wa palepale Katanga, Balubakat, wamepewa Sheria, na kiongozi wao Jason Sendwe akikusudiwa kuwa kamishna wa dola katika jimbo hilo, yaani jicho la serikali kuu juu ya serikali ya jimbo.

Huko Katanga kwenyewe CONAKAT ilikuwa na viti 25 na muungano wa Balubakat 22 katika baraza la jimbo la wajumbe 60. Balubakat walisusa vikao ili akidi isitimie. Bunge la Ubelgiji likabadilisha kanuni ya akidi katikati ya Juni, wiki mbili kabla ya uhuru, na CONAKAT ikaunda serikali ya jimbo peke yake. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko mgawo wowote wa wizara. Serikali kuu ilikuwa ya mseto, ila serikali ya jimbo lenye mapato makubwa kuliko yote ilikuwa ya chama kimoja, na chama hicho hakikuwa na sababu ya kuihofu Léopoldville. Katanga ilitangaza kujitenga 11 Julai.

Sheria ya Msingi ilikuwa nini?

Katiba ya muda iliyopitishwa na Bunge la Ubelgiji 19 Mei 1960, itumike hadi Wakongo watunge yao. Ilikuwa ndefu, vifungu zaidi ya 250, na ilinakili kwa kiasi kikubwa mfumo wa Ubelgiji: mkuu wa nchi asiyewajibika kisiasa, waziri mkuu anayewajibika kwa Bunge, na kila hati ya mkuu wa nchi kuhitaji sahihi ya waziri kando ya sahihi yake.

Kifungu cha 22 kilisema mkuu wa nchi humteua na kumwachisha waziri mkuu. Katiba ya Ubelgiji nayo ilisema mfalme huteua na kuachisha mawaziri wake. Tofauti ni kwamba Ubelgiji ilikuwa na desturi ndefu ya mfalme kutoligusa baraza lenye wingi bungeni, na desturi hiyo haikuwa imeandikwa popote. Maneno yakasafiri hadi Léopoldville, desturi ikabaki Brussels.

Mawaziri walikuwa na uwezo wa kuendesha wizara?

Wengi walikuwa makarani, walimu, waandishi wa habari na wauguzi wasaidizi, watu waliofika juu kadiri mkoloni alivyowaruhusu. Thomas Kanza, aliyehitimu Louvain mwaka 1956, alikuwa mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Si haki kuwabebesha wao lawama hii. Katika nafasi zaidi ya 4,000 za ngazi ya juu za utumishi wa umma, Wakongo walikuwa 3 tu mkesha wa uhuru. Waziri aliingia ofisini akakuta katibu mkuu Mbelgiji, mkuu wa idara Mbelgiji na faili zilizopangwa kwa namna anayoijua Mbelgiji. Wabelgiji hao walipoanza kukimbia mwezi Julai, wizara nyingi zilibaki na waziri, karani na mlango.

Jeshi lilimponyoka vipi waziri mkuu aliyekuwa pia waziri wa ulinzi?

Force Publique, jeshi la koloni, ilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa kiasi cha 1,000, wote Wabelgiji. Hakuna hata Mkongo mmoja aliyekuwa ofisa. Baraza lilipokea jeshi hilo likiwa na kamanda wake yuleyule, Jenerali Émile Janssens, ambaye 5 Julai aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari waliokuwa wameona wanasiasa wakipata magari na mishahara mipya wakaasi siku hiyohiyo, kwanza Léopoldville na Thysville.

Serikali ilijibu kwa hatua tatu. Ya kwanza, 6 Julai, ilikuwa kumpandisha kila askari cheo kimoja. Haikutuliza mtu, kwa sababu iliacha maofisa wote kuwa wazungu. Ya pili ilikuwa kumwondoa Janssens. Ya tatu, baada ya baraza kukutana kambini 8 Julai, ilikuwa kukabidhi jeshi kwa Wakongo: Victor Lundula, meya wa Jadotville aliyewahi kuwa askari, akawa kamanda mkuu, na Joseph-Désiré Mobutu, katibu wa dola katika ofisi ya waziri mkuu, akawa mnadhimu mkuu wa jeshi. Jeshi likaitwa Armée Nationale Congolaise.

Uamuzi wa tatu ulikuwa sahihi ila ulichelewa, na ulifanywa katikati ya maasi. Lundula alishughulika zaidi na Katanga na mikoa. Mobutu alizunguka kambi, akateua maofisa wapya na kujuana nao kwa majina. Ofisa hamsahau aliyempa nyota ya kwanza.

Ubelgiji iliingiza askari wake kwa idhini ya nani?

Mkataba wa urafiki uliotiwa saini 29 Juni 1960, ambao haukuwahi kuridhiwa na mabunge, uliruhusu askari wa Ubelgiji waliobaki katika vituo vya Kamina na Kitona kuingilia kati kwa ombi mahsusi la waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri huyo alikuwa Lumumba. Kule Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, waliingia 10 Julai bila ombi lake, na siku iliyofuata meli za Ubelgiji zikaushambulia mji wa Matadi. Ndiyo maana Rais na Waziri Mkuu, wakiwa bado pamoja, waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa 12 na 13 Julai. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 143 tarehe 14 Julai.

Fedha je?

Kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kulipa kodi zake kwa serikali ya Katanga iliyojitenga. Akiba na hesabu za benki kuu ya koloni zilikuwa Brussels. Serikali ikabaki na mishahara ya jeshi bila chanzo kikubwa cha mapato. Nkayi alikuwa waziri wa fedha ambazo sehemu kubwa hakuweza kuzifikia.

Nini hasa kilitokea 5 Septemba 1960?

Jioni, Kasa-Vubu alikwenda kituo cha redio cha Léopoldville na kutangaza kwamba amemwachisha kazi Lumumba pamoja na watu sita: Gizenga, Gbenye, Mwamba, Kashamura, na makatibu wa dola Bolamba na Lumbala. Joseph Ileo, rais wa Seneti, akateuliwa kuunda serikali mpya. Sahihi za mawaziri kando ya sahihi ya rais zilikuwa za Bomboko na Delvaux.

Usiku huohuo Lumumba alizungumza redioni akakataa kuondoka, na baraza lake likatangaza kwamba Kasa-Vubu ndiye aliyepoteza urais. Umoja wa Mataifa ulifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio kwa pande zote. Usawa huo ulikuwa wa jina tu. Kasa-Vubu aliweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba, ambaye nguvu yake ilikuwa sauti yake na wafuasi wa Stanleyville, alinyimwa vyote viwili kwa mkupuo.

Kisheria nani alikuwa na haki?

Kwa maneno matupu ya kifungu cha 22, rais alikuwa na pa kusimama. Kwa mantiki ya serikali inayowajibika kwa Bunge, hakuwa napo: kumwondoa waziri mkuu ambaye Bunge halijamkataa, na kumweka mwingine bila kura ya imani, kunalifanya Bunge kuwa pambo. Sahihi mbili zilitimiza sharti la hati, lakini mawaziri wawili waliounga mkono kufukuzwa kwa mkuu wao hawakuwa wakisema kwa niaba ya baraza. Upande wa Lumumba nao, hakuna kifungu kilichompa waziri mkuu uwezo wa kumvua rais madaraka.

Bunge lilitambua hivyo. 7 Septemba Baraza la Wawakilishi lilibatilisha hatua zote mbili kwa kura 60 dhidi ya 19. Siku iliyofuata Seneti nayo ikakataa kufukuzwa kwa serikali. Serikali ya Ileo haikupata kura ya imani.

Kwa hiyo kwa nini ilianguka?

Kwa sababu wakati kura inahesabiwa, vitu vitatu vinavyoifanya kura itii vilikuwa mikononi mwa wengine: jeshi, fedha na redio. 14 Septemba Mobutu alitangaza kwamba anawaweka kando rais na waziri mkuu hadi mwisho wa mwaka, akaunda baraza la makamishna lililojaa wanafunzi na wahitimu wa vyuo vikuu, chini ya Bomboko. Kasa-Vubu alibaki katika kiti chake. Lumumba alibaki nyumbani akizungukwa na askari.

Ni makosa gani hurudiwa sana kuhusu baraza hili?

Mobutu hakuwa waziri wa ulinzi. Tshombe hakuwa mbunge wala waziri wa serikali kuu. Alikuwa rais wa serikali ya jimbo la Katanga. Joseph Okito, aliyeuawa pamoja na Lumumba, hakuwa waziri bali makamu wa rais wa Seneti. Waziri aliyeuawa pamoja nao ni Mpolo. Na si kweli kwamba baraza lilikuwa la wafuasi wa Lumumba watupu: wengi wa wanachama wake hawakutoka chama chake.

Mawaziri waliishia wapi?

Lumumba alitoroka kizuizini 27 Novemba 1960, akakamatwa siku chache baadaye, na 17 Januari 1961 akauawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Songolo, aliyegeuka kuwa mpinzani wa Lumumba, aliuawa Stanleyville mwezi uliofuata mikononi mwa upande wa Lumumba. Agosti 1961 Bunge lilipokutana tena, Cyrille Adoula aliunda serikali iliyowarudisha kadhaa wa mawaziri wa 1960, Gizenga akiwa tena naibu waziri mkuu.

Mulele na Gbenye waliongoza maasi ya 1964, mmoja Kwilu, mwingine Stanleyville. Mwishoni mwa Septemba 1968 Mulele alirudi kutoka Brazzaville kwa ahadi ya msamaha iliyopelekwa kwake na Bomboko, waliyekaa naye meza moja ya baraza mwaka 1960. Akauawa siku chache baada ya kuvuka mto.

Gizenga aliishi muda mrefu uhamishoni. Alirudi, akagombea urais mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 80, na mwisho wa mwaka huo akateuliwa kuwa waziri mkuu.